Tarishi Muthama na Siku Mbili za Mlima Mumoni

Wazee wa Mbooni, akina mama, ndugu wa kanisa, nanyi wageni wetu mliopanda lori Kitui juzi, mkashuka Tawa na kuukwea mlima huu kwa miguu, mkija kumjulia hali mgonjwa na kumkuta marehemu, familia ya mzee Ndeti inawapa pole na kuwashukuru kwa pamoja. Anayesimama mbele yenu kusoma ni Jonah, mwalimu wa shule ya misheni na mdogo wake marehemu, na kwa kuwa si wote mliofika mnaosikia Kikamba, historia hii itasomwa kwa Kiswahili, kile Kiswahili cha bomani na cha njiani ambacho marehemu mwenyewe alikitumia nusu ya maisha yake. Imeandikwa jana kwa haraka, na imeandikwa kama alivyoagiza yeye, si kama familia ingependa, kwa hiyo mkiona msomaji amekwama mahali, mvumilieni.

Marehemu Muthama wa Ndeti alizaliwa hapa hapa Mbooni, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Ndeti na mke wake wa kwanza, siku ambayo hakuna aliyeiandika, ila mama yetu alikuwa akisema kwamba ile njaa kubwa ya Ngomanisye ilipoingia, mtoto huyu alikuwa ameshang'oa meno mawili ya utotoni, na ofisi ya Kitui ilipomlazimisha kuwa na mwaka kama watu wengine, alichagua 1892, nasi tumeufuata huo. Katika njaa hiyo baba yetu alimchukua pamoja na ndugu zake kwenda kutafuta chakula upande wa Kikuyu, safari ya siku nyingi ambayo ndugu wawili hawakurudi, na ndiyo iliyokuwa safari yake ya kwanza. Alipokuwa mtu mzima na kuulizwa anakumbuka nini katika safari ile, alijibu kwamba anakumbuka asubuhi moja mawingu yalipofunguka akauona mlima mweupe kileleni, akasimama kuutazama mpaka baba akamrudia na fimbo. Mama yetu hakuipenda kumbukumbu hiyo, na alisema mara nyingi kwamba mtoto anayetazama mlima wakati watu wanazikwa atakuja kuwatia watu hasara.

Mnamo Februari 1910 aliingia darasa la misheni hapa Mbooni, akiwa mkubwa kuliko dawati lake, akajifunza kusoma polepole kwa kidole na kuandika jina lake na majina ya mahali, akatoka mwaka 1913 kwa sababu mbuzi walikuwa wengi na wachungaji wachache. Tarehe 12 Machi 1917 alichukuliwa Kariakoo, lile jeshi la wapagazi, akabeba mizigo ya vita kutoka Voi hadi Taveta na kuendelea hadi Tanganyika, akarudi nyumbani Desemba 1918 akiwa amekonda hadi mama yetu akamwuliza ni mtoto wa nani. Hakupenda kuzungumza habari za vita, wala kuwataja wenzake aliowaacha kando ya barabara, ila alizungumza habari za njia ya Taveta alfajiri, sanduku la risasi kichwani, Kilimanjaro ikigeuka rangi mara tatu kabla ya jua kutoka. Tarehe 2 Juni 1919 aliandikwa kazi ya utarishi katika boma la Kitui, akapewa mfuko wa turubai, fimbo na kofia nyekundu, na kwa miaka kumi na minne na miezi saba alibeba barua za serikali kwa miguu hadi Matinyani, Mutitu, Mwingi, Tseikuru na kwingineko, na hakuna barua hata moja iliyopotea mkononi mwake.

Sasa tunafika mahali ambapo marehemu ameagiza tusipite haraka. Alisema kwamba watu wengine wakifa hutajwa mashamba yao na ng'ombe wao, na kwa kuwa yeye ng'ombe wake ni watatu na mmoja ni kilema, zitajwe njia zake alizozipenda, maana hizo ndizo alizokuwa nazo nyingi. Wenzake wa bomani mnajua kwamba hakuna aliyemwuliza Muthama habari za barua akajibiwa kabla hajaelezwa kwanza habari za mlima, na kwamba alikuwa akizipanga njia hizo kwa utamu, kama mtu anavyopanga madume ya mbuzi, na mpango huo, isipokuwa njia ya kwanza, ukabadilika kila baada ya mwezi.

Ya kwanza daima ilikuwa hii mliyopanda jana, kutoka Tawa hadi hapa tulipo, ambayo alisema imeharibiwa na watu wasiojua kuitembea, kwa sababu wanageuka kutazama nyuma kwenye kona ya kwanza na kuona vichaka tu, kumbe mtu anatakiwa kuinamisha kichwa mpaka kona ya tatu, pale penye chemchemi, ndipo ageuke, na hapo nchi yote inafunguka mbele yake, Athi chini, Yatta imelala ng'ambo kama ukuta, na Kitui nyuma yake ikiwa buluu. Ya pili ilikuwa ukingo wa Yatta kwa mtu anayetoka Matinyani, ambako unausikia mto kabla ya kuuona, na alikuwa akisema kwamba nusu saa ile ya kuusikia tu ndiyo yenye thamani. Vilima vya Chyulu alivipanda Agosti 1932, alipotumwa Kibwezi kwa mwezi mmoja kumbebea vyombo mpimaji wa ardhi, akarudi akisema ni vizuri sana, vya kijani mpaka juu, na havina tone la maji, na kwamba aliteseka kwa kiu akiwa katikati ya uzuri. Jiwe la Nzambani alilipanda mara nyingi, lakini siku aliyoitaja ni moja ya mwaka 1931, nzige walipoingia Kitui, akiwa juu ya jiwe na wao wakipita chini yake, akasema kwamba maisha yake yote alikuwa ameona tumbo la nzige, na siku hiyo aliona mgongo wao. Watu walikuwa wakilia mashambani, naye alikuwa juu anatazama migongo ya nzige. Tunalisema hili kwa upendo, lakini tunalisema.

Mlima Mumoni, ulio upande wa Tseikuru, hakuwahi kuupanda miaka yote hiyo. Alipita chini yake kila mwezi na mfuko begani, bila siku hata moja iliyokuwa yake, akauweka akiba, kama mtoto anavyoiacha nyama mpaka amalize ugali, akiwaambia watu kwamba siku atakapoupanda ndipo atajua ni upi wa kwanza.

Ndoa ya marehemu ilitoka katika njia hiyo hiyo. Mwaka 1921, karibu na Tseikuru, aliomba maji kwa msichana aliyekuwa akichimba mchanga wa mto mkavu kuyatafuta, akanywa, akakaa, akamweleza habari za chemchemi za Mbooni zinazotoka zenyewe bila kuchimbwa, na msichana huyo, Kalondu binti Nthenya, ambaye leo ni mjane wake na ameketi hapa mbele yetu, akamwambia kwamba anasema uongo, akamtaka arudi mwezi ujao auseme tena. Alirudi kila mwezi, miezi minne. Mbuzi walipelekwa, wazee wakakubaliana, na tarehe 20 Septemba 1921 Kalondu akaletwa Mbooni, safari ya siku sita, na baadaye, mwaka 1925, ndoa ikabarikiwa kanisani.

Lakini kulikuwa na jambo moja, na bila hilo historia hii haieleweki. Kwetu mzazi anapomtoa binti yake, huchukua maji kinywani na kumtemea kifuani, na hiyo ndiyo baraka, na mtu mwingine hawezi kuitoa kwa niaba yake. Nthenya, mama yake Kalondu, alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, akapokea mbuzi, akapika chakula, akawalisha waliokuja, lakini siku ya kumtoa Kalondu akakataa kutema, akisema hawezi kumbariki mtoto aende mahali ambapo yeye hataweza kuuona moshi wa jiko lake. Kalondu akaondoka na kifua kikavu. Mtoto wao wa kwanza, mvulana, alizaliwa 1923 na kufa akiwa na miezi mitatu, wa pili, msichana, alichukuliwa na surua mwaka 1925, na watu wa huku na wa huko wakaanza kusema maneno ambayo mwalimu wa misheni hawezi kuyarudia mbele ya kanisa, ingawa nyote mnayajua. Syokau, ambaye tunamshukuru Mungu kwa ajili yake, alizaliwa tarehe 3 Mei 1927, na baada yake hakuna mwingine. Kalondu alikwenda kwao mara mbili, mwaka 1924 na mwaka 1929, mama yake akampokea, akamchinjia, akamsuka nywele, akalia alipoondoka, lakini kinywa akakifunga, na kila aliporudi Kalondu alisema neno moja tu kwa mama yetu, kwamba angetaka kutemewa mate na mama yake kabla mmoja wao hajafa.

Tarehe 9 Januari 1934, siku ya Jumanne, marehemu alifika Tseikuru na barua, akiwa amefika siku mbili kabla ya siku yake, kwa sababu mito haikuwa imejaa. Pale sokoni alikutana na rafiki yake Ugas Abdinoor, ambaye wakati huo alikuwa akipitisha ng'ombe kutoka upande wa kaskazini, na ambaye leo ana duka Kitui na ameketi pale nyuma pamoja na watu wa boma. Ugas akamwambia, kwa Kiswahili chake, "Mama ya bibi yako iko mgonjwa. Naita wewe. Kwenda leo."

Akaenda jioni hiyo hiyo. Nasi Wakamba tuna nthoni, ile haya inayomzuia mwanamume asikutane uso kwa uso na mama mkwe wake, hata wakikutana njiani mmoja huingia kichakani mpaka mwingine apite, na wageni wetu mtusamehe, hatukuwekewa na marehemu, tuliikuta. Kwa miaka kumi na miwili marehemu hakuwahi kuuona uso wa Nthenya. Alisimama nyuma ya ghala la mtama, ameupa mlango mgongo, na Muthoki, mdogo wake Nthenya, akawa katikati kupeleka maneno, ingawa hapakuwa na haja ya mpelekaji, kwa sababu sauti ilitoka ndani ya nyumba ikasikika mpaka zizini.

"Muulize huyo mwenye miguu kama imechoka au bado," ilisema sauti. "Kama bado, aniletee mwanangu. Mwambie mate yake nimeyaweka miaka kumi na miwili, nisije nikayameza."

Marehemu alicheka kule nyuma ya ghala. Alisema baadaye kwamba aliisikia ile sauti, kali na safi, akajiambia kwamba mwanamke anayeweza kugomba namna hii atakuwa anagomba mpaka mavuno. Hakuona kwamba Muthoki, kabla ya kutoka nje, alikuwa amemwinua mgonjwa na kumwegemeza ukutani kwa ngozi mbili ili apate pumzi ya kusema maneno hayo, wala kwamba mkono wa mgonjwa ulikuwa umebaki kijiti. Angekuwa mtu wa kabila jingine angeinama mlangoni, akatazama, akajua. Muthoki naye hakusema, kwa sababu Nthenya alikuwa amemkataza, hakutaka mkwe aambiwe kwamba amekwisha. Kwa hiyo aliyeuliza aliuliza kwa heshima, na aliyejibu akajibu kwa heshima, na ukweli ukabaki ndani ya nyumba.

Kesho yake, Jumatano, alipotoka Tseikuru, njia ya Kitui ilikuwa mbele yake na Mumoni ilikuwa kulia kwake, mvua zilikuwa zimekwisha, anga imeoshwa, na alikuwa na siku mbili ambazo kwa hesabu ya ofisi zilikuwa zake. Akashika njia ya mlima. Chini ya mlima alimkuta tena Ugas na ng'ombe wake.

"Muthama, Kitui iko upande ile," Ugas akamwambia.

Marehemu akajibu kwamba anapanda kuangalia tu, na kwamba mwenda pole hajikwai.

"Mlima hapana miguu, bwana," akasema Ugas. "Itangoja wewe. Mgonjwa hapana ngoja."

Akapanda. Alikaa juu Jumatano na Alhamisi, akashuka Alhamisi jioni, na Ijumaa tarehe 12 akaanza safari ya Kitui kwa mwendo wa mtu anayetaka kulipa, akafika Jumatatu tarehe 15, akakabidhi mfuko, akapita Matinyani na Yatta bila kusimama kuusikiliza mto, na Jumatano tarehe 17 jioni alikuwa hapa nyumbani akimwambia mkewe, "Mama yako anakuita. Amesema mate yapo tayari." Wale waliokuwapo wanakumbuka kwamba Kalondu alikuwa akitwanga, na kwamba aliuweka mchi chini akauliza swali moja, kama mama yake amekonda, na marehemu akajibu kwamba sauti yake ni nzima. Alhamisi kabla jua halijawa kali walikuwa wameshateremka Tawa, Syokau ameachwa kwa bibi yake, na Kalondu, ambaye hakuwa mtembezi, alitembea siku hizo saba kwa namna ambayo marehemu alishindwa kumfuata.

Walifika Jumatano tarehe 24 Januari, mchana. Walikuta wanawake wamenyoa vichwa. Nthenya alikuwa amefariki Jumatatu jioni na kufukiwa Jumanne, na Muthoki akamweleza Kalondu kwamba Jumatatu hiyo yote, tangu asubuhi, dada yake alikataa kulala chali, akataka ageuzwe uso kwenye mlango, na kibuyu cha maji kikawekwa karibu na mkono wake, na mara mbili, waliposikia mtu njiani, aliyachukua maji kinywani akangoja, na mara mbili hakuwa Kalondu. Kibuyu kilikuwa bado na maji. Muthoki akamkabidhi, naye Kalondu akatoka nje, akajimiminia kifuani mwenyewe, mbele ya watu, akarudisha kibuyu kitupu, na alirudi Mbooni bila kulia, jambo ambalo lilitutisha kuliko kilio.

Marehemu alikuwa amesimama penye lile ghala la mtama, akihesabu siku kwa vidole. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza anaiweza, Jumatano ukiondoa siku mbili ni Jumatatu.

Tangu siku hiyo hakupanda mlima tena. Mwezi uliofuata aliwaomba wakubwa wake wamwondoe katika barabara, wakampa kazi ya kukaa mlangoni pa ofisi, kufungua na kufunga, na wenzake mkadhani ni magoti, nasi huku tukadhani ni uzee umemwahi, na watu wakamtania kwamba tarishi amekuwa komeo. Alipokuja likizo alipanda kutoka Tawa akiwa ameinamisha kichwa, akafika kona ya tatu, akapita. Mtu akimwuliza njia aliyoipenda kuliko zote, alisema amesahau. Kwa Kalondu alikuwa mume mwema, alimchotea maji mwenyewe mbele ya wanaume wenzake akachekwa na hakujali, alimnunulia blanketi kila mwaka, lakini jambo hili hakumwambia, na alipoulizwa na mdogo wake kwa nini, alisema kwamba mara nyingi alifungua mdomo, na kila mara Kalondu alikuwa na kazi mkononi, akaona amalize kwanza. Miaka mitano mtu hakosi kazi mkononi.

Ugonjwa wake ulianza Juni 1938 kwa miguu kuvimba, akaendelea na kazi mpaka viatu vikakataa, akalazwa hospitali ya Kitui tarehe 25 Novemba kwa ajili ya moyo, na tarehe 20 Desemba, daktari alipomweleza ukweli, akaomba aletwe nyumbani. Vijana wa Tawa walimbeba kwa machela kupanda hapa, na walipofika penye chemchemi wakataka kumpumzisha na kumgeuza aitazame nchi kwa mara ya mwisho, maana walikuwa wamesikia habari zake tangu utoto, naye akawasihi wasimgeuze, akajifunika uso kwa blanketi mpaka wakaipita kona.

Jumapili tarehe 12 Februari 1939, baada ya ibada, alimwita mdogo wake Jonah, akamweleza haya yote kama mlivyoyasikia, akamwagiza yasomwe siku ya mazishi, mbele ya watu, Kalondu akiwapo. Jonah alimwambia kwamba huo ni woga, kwamba mtu hamwungamii mkewe kupitia kaburini ambako hawezi kujibiwa, na kwamba amwite sasa hivi, yuko hapo nje anachambua kunde. Marehemu alifunga macho akasema hawezi kuuona uso wake akisikia. Basi, akasema, mwambie wewe, halafu uniletee alivyosema. Ndugu wapendwa, barua hiyo ilitoka mkononi mwa tarishi ambaye hakupoteza hata moja, ikakabidhiwa kwa mwalimu. Umbali ulikuwa kutoka kitanda hadi uani. Msomaji huyu alikaa nayo Jumatatu, akakaa nayo Jumanne, Jumatano na Alhamisi, akingoja wakati unaofaa, akiomba Mungu ampe maneno, na Ijumaa tarehe 17 Februari, yaani jana, alfajiri, Muthama wa Ndeti akakata roho. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba kwa hesabu ya ofisi. Amemwacha mjane mmoja, binti mmoja, na ndugu ambaye anaogopa kwamba ukoo huu una ugonjwa mmoja.

Familia inamshukuru daktari na madresa, yaani wauguzi, wa hospitali ya Kitui kwa wiki hizo karibu nne, na kwa kumwambia ukweli mapema. Inawashukuru vijana wa Tawa waliobeba machela, majirani wa Mbooni ambao tangu Desemba hawakuacha nyumba hii ikose kuni wala uji, akina mama wa kanisa kwa nyimbo, na watu wa boma la Kitui kwa mchango wa jeneza na kwa ile kofia nyekundu mliyoileta, ambayo tutaizika naye.

Mwisho, kwa agizo la mjane, familia inamshukuru Ugas Abdinoor. Jana, wageni walipokuwa bado njiani, Jonah alikwenda hatimaye kwa shemeji yake, akamsomea karatasi hizi tangu mwanzo, na alipofika penye habari za Mlima Mumoni Kalondu akainua mkono, akasema anajua. Alijua tangu Januari ile ile ya 1934. Ugas alikuja matangani kwa Nthenya kutoa pole, akasema kwa moyo mweupe kwamba alimkataza Muthama kupanda, akidhani mke ameshaambiwa, na Kalondu akamwitikia kama mtu aliyeambiwa. Maneno yake mengine ameruhusu yasomwe, nayo ni haya.

"Nilingoja aniambie mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilingoja kwa hasira. Mwaka wa pili hasira ikaisha nikawa nangoja tu, nikiona anafungua mdomo, nikajifanya nina kazi, ili asinione nimemkodolea macho. Kumbe ndiyo iliyomzuia. Angeniambia ningemgombeza siku nzima, Jonah, mama yangu alinifundisha kugomba. Siku ya pili ningemwuliza aliona nini huko juu. Hakuna aliyewahi kunipeleka mlimani. Kama alikuambia aliona nini, nisomee."

Aliniambia, shemeji, na tunasoma. Alisema kwamba kutoka Mumoni mto Tana unaonekana wote, mwekundu, ukijikunja hadi unapopotea, na upande wa pili ule mlima mweupe wa utoto wake ulikuwa wazi tangu asubuhi mpaka jioni, na kwamba njia hiyo ilikuwa ya kwanza, ilizipita zote. Lakini hayo hayakumfanya akae siku ya pili. Asubuhi ya Alhamisi aliamka ashuke, akatazama chini upande wa Tseikuru, akaiona nyumba ya mama yako, ndogo kama kokwa, na moshi unatoka. Alikumbuka kile mama yako alichosema siku ya kukutoa, akajiambia kwamba moshi ukionekana mambo ni mema, mzee anapika, hakuna haraka. Akakaa kuutazama kwa ajili yako mpaka jioni, akipanga jinsi atakavyokueleza. Ulikuwa moto wa Muthoki, akichemsha dawa.

Muthama, barua yako imefika, imechelewa siku tano. Jibu lake ni kwamba alikuwa anajua. Uiweke fimbo chini, kaka, upumzike.